Likifika Sitini Linatetemeka

Mtu akikuambia gari linatetemeka kwa sababu ya alaimenti, muulize amejuaje. Mimi sikuuliza. Nimeendesha mabasi ya shule miaka mingi kuliko umri wa fundi aliyeniambia hivyo, nimebeba watoto wa watu na kuwarudisha kwao wazima, halafu siku niliyopata abiria mmoja tu wa maana nikageuka kondoo wa kuongozwa na kila mwenye spana.

Abiria huyo ni mke wangu. Alipasuliwa mgongo Nairobi, na tangu hapo kukaa kwenye kiti cha gari kwake ni adhabu. Dakika kumi anavumilia, kumi na tano anauma midomo, ikifika nusu saa machozi yanatoka yenyewe. Daktari alisema anaweza kusafiri, ila alale, na asitikiswe. Nikamuuliza ni gari gani hapa Kenya linabeba mtu amelala kama si ambulansi au lile jingine la mwisho. Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha hata kidogo.

Na safari yenyewe ilikuwepo. Mama yake anaishi Kithimani, kule Yatta, nyumbani kwa kaka yake mke wangu, na mama huyo alikuwa ameanza kusahau. Alianza na vitu vidogo, mara funguo, mara sufuria iko motoni. Kisha akaanza kusahau watu. Wajukuu walitangulia kutoka kichwani, wakafuata majirani. Shemeji yangu, mke wa huyo kaka, ndiye aliyekuwa akimtunza, na kila jioni alitupigia simu kutupa habari. Leo amekula vizuri. Leo amemwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Lakini jina la mke wangu lilikuwa bado limo. Shemeji alisema kila asubuhi mama akiamka anauliza yule wake wa Machakos atakuja lini. Mke wangu akisikia hivyo anageuzia uso ukutani. Alitaka kumwona mama yake wakati mama bado anamjua, basi, na hakuna kingine alichoniomba mwaka huo wote.

Nikanunua gari. Shule moja ilikuwa inauza basi dogo lililochoka rangi lakini injini nzima, na injini mimi huijua kwa kuisikiliza tu. Nikang'oa viti vyote nikabakisha changu na kimoja cha pembeni. Seremala mmoja kutoka Kola akatutengenezea kitanda kilichofungwa sakafuni kwa nati, kabati la vyombo, na meza ya kukunjwa. Tukaweka jiko la gesi, tangi la maji, mapazia ya maua. Majirani walikuja kulitazama wakaliita nyumba ya magurudumu. Mmoja aliuliza kama mwenye nyumba ametufukuza. Mwingine alitaka kujua choo kiko wapi, na nilipomwambia hakuna, akaondoka akitikisa kichwa kana kwamba nimemwangusha yeye.

Siku ya kujaribu nilimlaza mke wangu kitandani, nikashika barabara ya kwenda Katelembo kwa sababu lami ya huko imenyooka. Arobaini, gari limetulia tuli. Hamsini, raha. Nikaanza hata kupiga mluzi. Lilipofika sitini usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu, kisha sakafu ikapokea, kisha vijiko kabatini, na mwisho kitanda chenyewe. Nikasikia nyuma yangu sauti ambayo sijaisikia tangu wodini. Nikakanyaga breki.

Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Aliniambia matuta anayaweza, tuta linakuja na kupita, ila huu mtetemo hauna mwisho, unaingia ndani ya mfupa na kukaa humo. Kisha akasema jambo ambalo ningelisikia kama ningekuwa na masikio.

"Si uende tu polepole? Ukiwa arobaini haitetemeki."

Mimi? Niende arobaini? Mimi niliyeyapeleka mabasi Mombasa na kurudi, leo nipitwe na bodaboda aliyebeba mbuzi? Nilimwambia ni hatari, kwamba malori yatatusukuma kwa nyuma, kwamba njiani kuna wendawazimu wanaopita wenzao kwenye kona. Yote hayo yalikuwa kweli kidogo. Ukweli mzima ni kwamba niliona aibu, na aibu ya mwanaume mzee haina dawa. Nikamwambia anipe siku mbili tatu nirekebishe magurudumu, twende kama watu. Akasema haya.

Siku mbili tatu! Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi ndiye niliyekuwa namngojesha.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mmoja mwenye gereji kule chini karibu na soko. Sijamaliza hata kueleza, ameshaingia chini ya gari. "Mzee, hii ni alaimenti tu," akasema akiwa huko huko chini, miguu nje. Nikamwambia gari halivutwi upande wowote, linakwenda moja kwa moja, linatetemeka tu, na tena likifika sitini. Alaimenti ni magurudumu kutazama mbele sawasawa. Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani ni gurudumu lenye uzito upande mmoja. Hayo nilikuwa nayajua! Niliyajua kabla yeye hajaota meno. Lakini alikuwa anaongea kwa uhakika mkubwa sana, na mimi nilikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka humwamini anayeongea kwa uhakika. Akapima kwa kamba, akakaza hiki, akalegeza kile, siku nzima ikaisha. Likifika sitini, linatetemeka.

Nikarudi kwake. Akasema basi ni barabara. Ati barabara ya serikali ndiyo imeharibika, na gari langu ni zima.

Wa pili ni mziba pancha wa pale stendi. Huyu akasema dawa ni kubadilishana, ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele. Akahamisha mawili tu, ya upande wa kulia, akachoka, akasema yaliyobaki hayana neno. Kulia tukaweka lililokuwa nyuma. La mbele kushoto akalifungua, akalitazama, akalirudisha pale pale kwa sababu ati lilikuwa bado na meno mazuri. Nililiona kwa macho yangu likirudi. Nikasema sawa. Hata sasa nikikumbuka sawa hiyo natamani kujipiga kofi.

Wa tatu alikuwa na mashine. Afadhali, nikasema, mtu mwenye mashine! Mashine ile inapima gurudumu likizunguka, inakuambia upande upi ni mzito, kisha fundi anabana kipande kidogo cha risasi upande wa pili ili uzito ulingane. Kazi ya nusu saa. Nikafungua magurudumu yote sita, nikayabingirisha ndani mwenyewe, kumbe tundu la katikati la gurudumu la basi ni kubwa kuliko kile chuma cha mashine yake. Mashine ni ya magari madogo. Na mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu kwamba anahudumia magari yote. Nilimuuliza "yote" maana yake nini. Akasema yote madogo.

Jioni hizo shemeji alikuwa akiendelea kupiga simu. Mama leo ameuliza. Mama leo ameuliza mara mbili. Mke wangu alikuwa akiweka simu kifuani baada ya hapo na kunitazama, na mimi nilikuwa nikimweleza habari za tundu la katikati la gurudumu. Siku moja akaniuliza tena kama hatuwezi kwenda tu hivyo hivyo. Nikamwambia kwa ukali kwamba siwezi kumtesa njiani. Ukali wote ule ulikuwa wa mafundi, lakini mafundi hawakuwepo, yeye ndiye aliyekuwepo.

Wa nne sitaki hata kumsema vizuri. Huyu hakuwa na mashine wala haya. Ilikuwa Jumapili, ibada imeisha, mimi badala ya kukaa na mgonjwa wangu niko kwenye uwanja wa vumbi natazama mtu mzima akibana vipande vya risasi kwenye gurudumu kwa kukadiria kwa macho. Anafunga jicho moja, anabana. Anarudi nyuma hatua mbili, anatikisa kichwa, anabana kingine. Nilimuuliza anapimaje. Akasema uzoefu. Tukatoka pale gari linatetemeka likiwa hamsini.

Jioni hiyo shemeji hakupiga. Mke wangu akampigia yeye. Waliongea kidogo tu, na baada ya hapo mke wangu akasema mama leo hajauliza. Nikamwambia pengine amechoka. Kesho yake pia hakuuliza, na keshokutwa.

Jumatano nikaenda mahali nilipopaswa kwenda siku ya kwanza, na kilichonizuia ni kiburi tu. Nyuma ya msikiti, hapo mjini, kuna mzee wa Kiislamu anayeuza matairi. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake hukufanya ufunge kifungo cha shati. Mimi nilikuwa namkwepa kwa sababu zamani, nikiendesha mabasi, aliwahi kuniambia mbele ya makondakta kwamba naendesha vizuri lakini sisikilizi gari. Maneno hayo niliyaweka moyoni miaka yote hiyo.

Alitoka nje akalizunguka gari taratibu, mikono nyuma. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna fundi hata mmoja aliyeniuliza, kama mtetemo unaanzia kwenye usukani au sakafuni. Nikasema usukani. Akasema basi taabu iko mbele, ya nyuma tutayashughulikia baadaye. Akainua mbele kwa jeki, akalizungusha gurudumu la kulia kwa mkono akaliacha. Likasimama popote lilipotaka. Akaenda kushoto. Akalizungusha, likasimama. Akatia alama ya chaki pale chini. Akalizungusha tena, likayumba kidogo huku na huku, alama ya chaki ikarudi pale pale chini. Mara ya tatu, pale pale. Hakuhitaji mashine.

"Bwana, humu ndani mna kitu," akasema.

Akalifungua tairi. Ndani yake, katikati ya tairi na mpira wa ndani, kulikuwa na kipande cha tairi kuukuu, kinene, kikubwa kama soli ya gambuti. Sisi madereva tunakiita gaita. Tairi likipasuka ubavuni na hutaki kununua jingine, mziba pancha anakata kipande cha tairi la zamani anakilaza ndani kuziba pasuko, na gari linasonga. Barabara zetu zote zinakwenda kwa gaita. Yule mzee alikiinua kwa vidole viwili, akakipima uzito mkononi, akanionyesha.

Nikakitambua. Mungu wangu, nilikitambua mara moja. Siku niliyolinunua basi, lile tairi la mbele kushoto lilikuwa na pasuko, na mimi mwenyewe, kwa kinywa changu hiki, nilimwambia mtu aweke gaita tutabadilisha baadaye. Kisha nikasahau. Nimewatukana mafundi wanne wa Machakos kwa wiki mbili na zaidi, nyani haoni kundule, na kumbe kitu chenyewe nilikitia mimi.

"Watu wengine hawana akili," nikasema.

Yule mzee akanitazama. "Ndiyo, bwana. Wapo," akajibu, akarudi dukani kunitafutia tairi jipya.

Mashine yake ilikuwa kuukuu lakini ilikubali magurudumu ya basi. Kwanza akakwangua matope mekundu yaliyokaukia ndani ya ringi, akang'oa risasi zote za yule wa kukadiria kwa macho, kisha akayapima yote sita, moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka mashine ikasoma sifuri kila upande. Nililijaribu peke yangu barabara ya Katelembo. Sitini, kimya. Sabini, kimya. Themanini, na kijiko hakikulia kabatini. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kama mtu aliyeshinda kura. Akatabasamu, akaniomba nimshushie ile leso mpya aliyokuwa amemnunulia mama yake.

Tukaondoka Jumamosi asubuhi. Tulipanda vilima, tukashuka Yatta, na mke wangu alilala njia nzima amefumba macho, uso umetulia. Mara moja aliniuliza tumefika wapi. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Niliona nimefanya jambo.

Nilipofika kwa shemeji nililigeuza gari mlango wake ukatazama nyumba, na mimi nikashuka nikasimama upande wa pili, wa shamba, nisionane na mama. Kwetu Wakamba mkwe na mama mkwe hawatazamani. Ndiyo heshima yenyewe, nthoni, na vijana wa siku hizi wanaicheka, na kanisani wametuambia ni mambo ya zamani, lakini mimi na mama yule tuliishika. Miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kunipa mkono. Akiniona njiani anajitanda leso anapita kando. Salamu zetu zilipitia kwa mtu, au ukutani, yeye ndani na mimi nje. Chakula alinipikia yeye, lakini aliyeniletea ni mtu mwingine. Nilimpenda sana mama yule, na sijui kama nimewahi kuuona uso wake wote.

Shemeji alikuja mbio kumsaidia mke wangu kuinuka kitandani. Mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye kioo. Nikasikia nyayo nyuma yangu, nikageuka, na mama mkwe wangu alikuwa anakuja kwangu moja kwa moja, peku, kichwa wazi. Nikatazama chini. Hakusimama. Alinifikia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainua uso kunitazama, akaniuliza kwa Kikamba mimi ni mtoto wa nani, na kama nimekula.

Hapo nilijua. Nilijua kabla mke wangu hajaweka mguu sakafuni.

Shemeji alizunguka gari akatuona tumeshikana mikono, akaziba mdomo. Alinijia baadaye kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, na hakuwa na lawama hata kidogo, "Mpaka Jumamosi ile nyingine alikuwa anamwita. Kila asubuhi."

Jumamosi ile nyingine! Wiki nzima kabla. Gari lilikuwa na kitanda, dizeli na mapazia ya maua. Kwa arobaini tungefika kabla ya chakula cha mchana, siku yoyote ile niliyotaka. Bodaboda wangetupita wote, na mbuzi wao, na hakuna hata mmoja ambaye angekumbuka sura yangu jioni.

Mama aliyapenda mapazia. Alipanda garini bila kusaidiwa, akakaa kwenye kitanda kando ya mke wangu, akapapasa blanketi. Mke wangu akamwita mwaitu, mama yangu, na mama akaitikia kwa adabu kama wazee wanavyomwitikia kila kijana. Akasifu nyumba. Akasifu leso alipopewa, akamuuliza ni ya nani. Kisha akamshika mwanawe shavu, akamkagua vizuri, akaona jinsi alivyolala.

"Wewe uko na mama?" akamuuliza.

Nje nikasikia kuku, na shemeji akipuliza jiko.

"Niko naye," mke wangu akasema, akasogea ukutani ili mama apate nafasi ya kulala.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya lile gurudumu la mbele kushoto. Nilingoja mtu anitukane, na hadi tunarudi Machakos hakuna aliyenitukana.